Kabla Hamjatoa Fedha za Maharage: Kuipima Pikapu Kuukuu

 

Najua wapo watakaosema, bwana shamba na injini za magari, wapi na wapi? Mwacheni atuambie habari za mbegu na mbolea. Lakini chuoni tulifundishwa zana za kilimo pamoja na mimea, na tangu nianze kazi huku juu nimeona fedha nyingi za wakulima zikipotelea katika magari kuliko zilizopotelea kwa wadudu. Kikundi kinavuna maharage, kinauza vizuri, wanachama wanakubaliana: tuache kulipa wenye malori, tununue pikapu yetu. Shauri hilo ni jema. Basi wanakwenda Kigoma mjini, wanaonyeshwa pikapu kuukuu iliyopakwa rangi ikang'aa, wanazunguka nayo mara mbili kwenye tambarare, wanahesabu fedha. Miezi mitatu baadaye kuku wanatagia ndani yake chini ya mwembe.

Leo basi nataka tuzungumze juu ya namna ya kuijua pikapu ya namna hiyo kabla hamjatoa fedha. Na jambo ninalotaka mlishike zaidi ni hili: gari likikosa nguvu, msikimbilie kusema injini imekufa. Nguvu hutoka kwenye injini, ikapita kwenye klachi, ikaingia giaboksi, ikafuata propela hadi difu, ndipo ikafika kwenye magurudumu. Inaweza kupotea popote njiani. Kuna kikundi kimoja huku Kasulu kilikuwa tayari kufungua injini nzima, fundi amekwisha kukubali bei, kumbe ilikuwa pleti ya klachi tu imelika.

Haya, tuanze asubuhi. Mwambieni mwenye gari mtafika mapema na asiliwashe kabla hamjafika. Mkifika, wekeni mkono juu ya injini. Ikiwa ya moto, ulizeni kwa nini. Injini iliyochoka huficha maradhi yake ikisha kupata moto, na mwenye kuuza analijua hilo. Kaeni chini msubiri ipoe, hata kama ni saa mbili.

Ikiwa baridi, chomoeni kile kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi si dhambi. Lakini ikiwa ina rangi ya chai ya maziwa, maji yamekwisha kuingia ndani ya injini. Fungueni na kifuniko cha rejeta, mtazame kama kuna mafuta yanaelea juu ya maji. Mkiona hayo mawili, mimi ningewashauri mwage mwenye gari kwa heshima mrudi nyumbani. Gasketi imeungua, au hedi yenyewe imepasuka, na hamtajua ni ipi mpaka injini ifunguliwe kwa fedha zenu.

Ipakeni ile oili kati ya vidole viwili. Ikiwa nzito kama asali, jueni huenda mtu amemimina oili nzito ya giaboksi ndani ya injini ili kuzuia moshi na makelele kwa siku moja au mbili. Ujanja huo ni wa zamani sana. Mwingine wa zamani ni kutia unga wa mbao ndani ya giaboksi au difu ili ngurumo zake zinyamaze. Kwa hiyo fundi wenu afungue ile nati ya kujazia oili ya giaboksi, aingize kidole, atazame kilichotoka. Vumbi jembamba la chuma kwenye gari la zamani ni la kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa macho ni meno ya gia yanakatika.

Kabla ya kuwasha starta, zungusheni ufunguo mpaka taa ziwake. Taa nyekundu ya oili lazima iwake, na injini ikinguruma izimike baada ya sekunde chache. Isipowaka kabisa tangu mwanzo, huenda glopu imetolewa ili msione. Baadaye, injini ikisha kuwa ya moto sana na inanguruma polepole, itazameni tena. Ikiwa inawakawaka, presha ya oili imeshuka. Mara nyingi beringi za chini zimelika, na kazi ya kranki ni ghali kuliko zote.

Sasa mtu mmoja awashe, mwingine asimame nyuma atazame moshi. Moshi wa buluu ni oili inaungua. Moshi mweusi ni mafuta mengi kupita kiasi, au chujio la hewa limeziba kwa vumbi letu jekundu, na hilo huenda ni kazi ya nusu saa. Moshi mweupe unawachanganya watu wengi. Huku kwetu, asubuhi za baridi za Juni na Julai, gari zima kabisa hutoa mvuke mweupe kwa dakika chache, kama ninyi mnavyotoa mvuke mdomoni. Mvuke huo ukiisha, hapana neno. Usipoisha hata injini imepata moto, na maji ya rejeta yanapungua, rudini kwenye habari ya gasketi. Na ikiwa ni dizeli na moshi mweupe unachoma macho, mafuta hayaungui yote: huenda ni nozeli, au silinda hazina tena nguvu ya kukandamiza.

Wakati inanguruma, fungueni taratibu kile kifuniko cha kujazia oili. Kupumua kidogo ni kawaida. Ikitoa moshi kwa kishindo, puf-puf-puf, kama garimoshi la Kigoma likiondoka stesheni, basi ringi za pistoni zimelika na moto unapita pembeni kwenda chini. Injini hiyo itakula oili mpaka mchoke kununua.

Sikilizeni pia. Sauti nyepesi ya juu, tiki-tiki-tiki, mara nyingi ni valvu zinazotaka kurekebishwa. Sauti nzito ya chini, ngo-ngo-ngo, inayozidi mkikanyaga mafuta, ni beringi. Hiyo ya pili iogopeni.

Twende kwenye klachi, maana ndiyo inayodanganya watu. Vuteni handbreki barabara, wekeni gia ya tatu, kanyageni mafuta kidogo, halafu achieni klachi polepole. Injini lazima ife. Ikiendelea kunguruma na gari limesimama, klachi inateleza. Jaribuni mara moja tu, msije mkaimaliza. Barabarani mtaijua hivi: mnapanda mlima, injini inapiga kelele zaidi, lakini mwendo hauongezeki, na mnasikia harufu ya kitu kinachoungua. Wengi hapo husema injini haina nguvu. Injini inayo, haifiki kwenye magurudumu. Kubadilisha pleti ni kazi ya siku moja kwa fundi mzuri. Kwa kasoro hiyo pekee msilikimbie gari, punguzeni bei.

Giaboksi nayo huzungumza, mkijua lugha yake. Gari limesimama, gia iko frii, injini inanguruma. Mkisikia ngurumo, kisha mkakanyaga klachi ikanyamaza, ni beringi ya mbele ndani ya giaboksi. Kinyume chake, kukiwa kimya kisha mlio ukaanza mnapokanyaga, ni beringi ya klachi, nafuu kidogo. Mkiwa mwendoni, ngurumo ya gia moja tu ni gia hiyo. Ikisikika gia ya kwanza, ya pili na ya tatu lakini ya nne ikawa kimya, beringi za ule mtaimbo wa chini ndizo zimelika, kwa sababu katika pikapu nyingi za zamani gia ya nne hupitisha nguvu moja kwa moja. Na mlio mwembamba kama wa nyuki, unaobadilika mkikanyaga na kuachia mafuta katika gia yoyote, umetoka difu. Mkisikia ko! kila mnapoondoka, tazameni krosi za propela.

Sasa mlima. Hapa ndipo ninapowasihi. Ziwa Tanganyika liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari. Kasulu na Kibondo ziko juu ya mita 1,200. Gari lililopimwa Ujiji kando ya ziwa halijapimwa. Lipandisheni, tena na mzigo, hata magunia matano. Hewa ya huku juu ni nyepesi, kwa hiyo injini isiyo na tabo hupoteza kadiri sehemu moja katika nane ya nguvu zake ukilinganisha na Dar es Salaam. Hiyo si kasoro ya gari, msimlaumu mtu. Lakini maji nayo huku huchemka mapema, kama digrii 96 badala ya 100. Kifuniko cha rejeta kilichochoka, ambacho pwani hakiwasumbui, huku kitawachemshia maji katikati ya kilima cha Heru Juu. Kifuniko kipya ni bei ndogo. Hedi si bei ndogo. Hasa kwa zile Hilux za dizeli zenye injini ya 2L, hedi zake zinajulikana kwa kupasuka zikichemka. Hizo hizo zina mshipi wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Mwenye gari asipokumbuka aliubadilisha lini, uhesabuni kuwa ni deni.

Mkifika juu, geukeni mteremke. Wekeni gia ya pili, achieni mafuta, gari lishuke kwa kuzuiwa na injini. Gia ikiruka yenyewe ikawa frii, mmeona wenyewe. Hilo kwangu mimi ni jambo la kukataa, hata bei ikishuka nusu. Gari lenye mzigo wa watu na magunia likiruka gia kwenye mteremko, breki peke yake ndizo zimebaki, na breki za gari kuukuu mnazijua. Mkifika chini, kanyageni mafuta tena na aliye nyuma atazame: moshi wa buluu ukitoka pale tu baada ya mteremko, ni sili na gaidi za valvu, ukitoka wakati wa kupanda, ni ringi.

Magari ya otomatiki sitayasemea sana, kwa milima na mizigo yetu siyapendi. Mkilazimika, oneni oili yake iwe nyekundu na isinuke kuungua, na gari lisichelewe kushika baada ya kuweka gia.

Namba ya chesisi na ya injini zilingane na kadi, na jina la kadi libadilishwe kabla fedha zote hazijatoka. Hilo nimekwisha kulisema katika kipindi kingine.

Kikundi kimoja cha Kibondo kimeniandikia kuuliza: je, twende na fundi? Ndiyo, nendeni naye, lakini awe fundi wenu kutoka nyumbani, asiwe yule anayeletwa na mwenye kuuza. Mlipeni ujira wake kabla hamjaondoka, na mwambieni ni wake mkinunua au msiponunua. Halafu tengeni fedha ya matengenezo ya kwanza kando ya bei ya gari. Kama gunia la mwisho la maharage limekwisha katika bei, gari hilo hamjaliweza mwaka huu. Kodini lori msimu mmoja zaidi.

Juma lijalo tutaendelea na yale maharage yenyewe, namna ya kuyahifadhi yasibunguliwe. Kazi njema.