Kelele za Shannon Kwenye Daladala

Msikilizaji, pita jioni karibu na chuo chochote kinachofundisha mawasiliano kwa umma wakati mitihani imekaribia. Foleni ya kibanda cha fotokopi ni ndefu kuliko ya chipsi, kila mmoja anasaka madesa. Usiku mabwenini wanaghani kama watoto wa madrasa: Lasswell na maswali yake matano, 1948, Shannon na Weaver, 1949, McCombs na Shaw, 1972.

Sina ugomvi na kukariri. Asiye na majina na miaka ataandika nini? Ila muulize huyo aliyekesha, kelele za Shannon ni nini, atakumwagia fasili bila kumeza mate. Muulize ziko wapi ndani ya daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni, anakutazama tu. Na mbele yake kuna abiria amesema "shusha" mara tatu, muziki umemmeza, kapitishwa kituo!

Shannon alikuwa mhandisi wa maabara za Bell huko Marekani, shughuli yake simu. Kelele zake zilikuwa za kwenye waya, na maana ya kinachosemwa haikumhusu. Ukilijua hilo, swali la upungufu wa modeli yake unalijibu mwenyewe, desa hulihitaji.

Chukua na nadharia ya hatua mbili ya Katz na Lazarsfeld: habari hutoka redioni, ikapita kwa watu wanaoaminika, ndipo ikawafikia wengine. Wengi wanaitolea mfano wa uchaguzi wa Marekani, kwa sababu ndio ulio kitabuni. Jamani! Mwaka 1973 nchi yetu, Tanzania, iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa kwa vikundi vijijini, redio katikati, kijitabu mkononi, na kiongozi wa kikundi aliyefunzwa kazi hiyo. Wakasikiliza habari za malaria, kichocho na kuhara, wakabishana, kisha wakainuka wakachimba vyoo. Msahihishaji aliyesoma majibu mia mbili ya wapiga kura wa Ohio huko Marekani, akikutana na choo cha kijijini kwetu, atavua miwani aifute asome vizuri.

Mitihani iliyopita ipitieni, ni halali na inasaidia. Lakini kila nadharia iandikie mfano mmoja ulioushuhudia au uliosimuliwa na mtu unayemjua, kwa mwandiko wako, si wa rafiki. Mfano wa namna hiyo haupotei hata msimamizi akisema zimebaki dakika kumi.

Wewe mwenye karatasi wiki ijayo, huenda kwenu yupo bibi au babu aliyekaa kwenye kikundi cha Mtu ni Afya. Mpigie simu leo, mapema, kabla hajalala. Muulize nani alikuwa anashika redio, na nani alikuwa anabisha.