Ngazi ya Nyumba ya Ghorofa na Kituo Chake

Katika miteremko ya Mlima Kenya, tangu Meru na Chuka hadi Runyenjes na Embu, mashamba yamegawanywa kwa wana na wajukuu hata yamekuwa madogo. Kwa hiyo baadhi ya watu wapatao fedha za kahawa, chai au miraa hujenga nyumba za ghorofa, ili ardhi ibaki ya kulima. Jambo hilo ni jema, lakini nyumba ya ghorofa yahitaji ngazi, na ngazi mbaya humwangusha mtu.

Yafaa kila mwenye nyumba ajue sababu. Mtu akanyagapo vipandio viwili vitatu vya kwanza, mguu wake hujifunza kimo chake, na baadaye hauhitaji msaada wa macho. Kipandio kimoja kikipungua au kikizidi kwa sentimita 3 tu, mguu hudanganyika. Aangukaye ni mzee ashukaye usiku, au mama aliyebeba mtoto.

Mara nyingi kosa hutokea hivi. Fundi hupima kimo toka zege la chini hadi zege la juu, akavigawa vipandio sawasawa, kila kimoja sentimita 17. Kisha sakafu zote mbili hutiwa saruji na vigae, unene wa sentimita 5, na vipandio hutiwa sentimita 2 tu. Basi kipandio cha kwanza hubaki sentimita 14, na cha mwisho huwa 20! Hesabu ilikuwa sahihi, lakini haikuanzia mahali pake.

Yampasa fundi apime toka sakafu ya chini itakavyokuwa baada ya kumalizika hadi ile ya juu. Kimo kikiwa sentimita 306, vipandio 18 vya sentimita 17 vyatosha. Mahali pa kukanyaga pawe sentimita 28. Kanuni yake ni ya zamani, nayo hutajwa kwa jina la François Blondel, mjenzi Mfaransa wa karne ya 17: kimo mara mbili, pamoja na upana wa kukanyagia, kikaribie urefu wa hatua ya mtu. Siku hizi wajenzi wengi huuhesabu kuwa sentimita 60 hadi 65.

Katikati, baada ya kimo cha tisa, pawe na kituo, yaani sakafu ndogo ya kupumzikia na kugeukia. Wengine hukipunguza ili waongeze chumba. Hiyo si akiba. Upana wa kituo usipungue upana wa ngazi, maana hapo ndipo kitanda hugeuzwa, na mgonjwa hupitishwa akiwa juu ya machela. Tena aangukaye toka juu huzuiwa na kituo asifike chini kabisa.

Mbao za mgrevilea na nguzo za mkaratusi zikiisha kusimamishwa, mwenye nyumba apime kila kimo kwa futi kabla zege halijamwagwa. Kuhamisha ubao ni kazi ya dakika chache. Kuvunja zege lililokauka ni gharama kubwa. Zege nalo limwagiwe maji kwa siku 7 kwa uchache, wala nguzo zisiondolewe kwa haraka. Majuto ni mjukuu, na mara nyingi mjukuu ndiye apandaye ngazi hiyo mbio.