Vidole Vinapogeuka Rangi

Wengi waijuao Mombasa huijua kwa joto lake. Katika Biashara Street, mahali panunuliwapo kanga na vikoi, mafundi huketi na cherehani zao huku jasho likiwatiririka. Ni nani atakayefikiri kwamba baridi yaweza kumdhuru mtu hapo? Lakini barafu huuzwa, soda hutolewa katika friji, na baadhi ya maduka yana mitambo ya kupoza hewa. Mtu mwenye maradhi ya Raynaud hahitaji theluji ya Ulaya. Chupa moja ya maji ya barafu yatosha.

Maradhi haya yamepewa jina la Maurice Raynaud, daktari wa Ufaransa aliyeyaeleza mwaka 1862. Mishipa midogo ya damu ya vidole hujibana kupita kiasi mtu apatapo baridi au fadhaa. Kidole huwa cheupe kwa kukosa damu. Kisha huweza kuwa cha buluu. Na damu irudipo huwa chekundu, kikachoma na kupwita. Si lazima rangi zote tatu zionekane. Juu ya ngozi nyeusi weupe huo haudhihiriki upesi, kwa hiyo yafaa kutazama kiganja, ncha za vidole na chini ya kucha. Sehemu iliyoshikwa hufa ganzi, nayo hutengana na iliyo nzima kama kwamba mstari umepigwa. Baada ya kupata joto, mara nyingi katika robo saa au zaidi kidogo, hali hurudi kama ilivyokuwa.

Mtu ambaye mikono yake hupoa tu, bila ya kugeuka rangi wala kufa ganzi, kwa kawaida hana maradhi hayo. Lakini damu isiyopita vizuri kwa sababu mishipa mikubwa imeziba ni jambo jingine, tena zito zaidi. Hilo halingoji baridi. Shavu la mguu huuma mtu atembeapo, na maumivu hutulia asimamapo. Mguu mmoja huweza kuwa baridi kuliko mwenzake, na kidonda hakiponi. Wavutao tumbaku na wenye kisukari wamo hatarini zaidi. Mtu wa namna hii akidhani kuwa ni baridi tu, akakaa nyumbani akijikanda, aweza kupoteza mguu ambao ungaliokolewa.

Maradhi ya Raynaud nayo yana aina mbili. Ya kwanza huanza mara nyingi ujanani, zaidi kwa wanawake, hushika mikono yote miwili, wala haina madhara makubwa. Ya pili hufuata maradhi mengine, kama yale yakakamazayo ngozi, au kazi ya miaka mingi ya kushika mashine zitetemekazo. Ikianza baada ya umri wa miaka 30, ikishika mkono mmoja tu, au ikileta vidonda katika ncha za vidole, mgonjwa hana budi kumwona daktari.

Mwenye vidole vyeupe avipashe joto taratibu, kwapani au katika maji ya vuguvugu. Asivisogeze kwenye makaa, maana kidole kilichokufa ganzi hakijui kinapoungua. Aache tumbaku. Chupa ya barafu aishike kwa kitambaa. Katika mtaa wa kanga kitambaa hakikosekani. Na kidole au mguu ukibaki baridi, rangi isirudi, aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje kesho.