Nyumba ya Kwanza: Mjini au Pembezoni?

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya akiba na mikopo



Miongoni mwa maombi yafikishwayo mbele ya kamati za mikopo za vyama vya Dar es Salaam, ombi la nyumba ya kwanza ndilo lipitishwalo kwa furaha kuliko yote. Mwombaji wa mkopo wa harusi huhojiwa. Mwombaji wa mkopo wa kiwanja hupongezwa. Fomu humtaka aandike kiasi anachoomba, mshahara wake, akiba yake na majina ya wadhamini. Mahali kiwanja kilipo huandikwa kwa neno moja tu: Chanika, Mbagala, Bunju, Kibamba. Kamati hulisoma neno hilo na kupita. Walakini neno hilo, zaidi ya mshahara na zaidi ya wadhamini, mara nyingi ndilo litakaloamua kama mkopo utarudi chamani.

Uchukuliwe mfano, kwa tarakimu za kukisia, wa mwanachama afanyaye kazi Kariakoo kwa mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi. Amepanga vyumba viwili Ilala kwa shilingi 120,000, na kazini huenda kwa miguu. Mkewe ni mama lishe karibu na soko, naye pia huenda kwa miguu. Chama kinamkopesha, ananunua kiwanja Chanika, anainua vyumba viwili, anaezeka bati na kuhamia kabla hata ya kupiga lipu, maana shabaha yake ni kuikimbia kodi ya pango. Kodi kweli imeondoka. Sasa zihesabiwe nauli. Magari mawili ya kwenda na mawili ya kurudi, kwa shilingi 600 kila gari, ni shilingi 2,400 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 62,400. Mkewe atatumia kiasi hicho hicho, na jumla yao ni 124,800. Kodi aliyokuwa akimpa mwenye nyumba wa Ilala sasa anampa kondakta, na juu yake ameongeza shilingi 4,800. Hapo bado hajanunua maji ya madumu.

Kanuni ya makato yajulikana na kila katibu: mfanyakazi asiachwe na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Kwa mtu huyu theluthi ni shilingi 200,000. Makato yakifikishwa ukomo wake, nauli yake peke yake, bila ya mkewe, itakula 62,400 katika hizo 200,000, yaani karibu theluthi ya ile theluthi. Karatasi itaonyesha kwamba kanuni imetimizwa, na mtu ana njaa. Mwezi wa nne au wa tano atarudi kuomba mkopo wa dharura. Mwaka wa pili majina ya wadhamini wake yatatolewa faili. Hapo ndipo kamati hushangaa, kwa kuwa mwanachama alikuwa mwaminifu na kiwanja chake kipo.

Na si fedha tu. Akipoteza saa tatu kila siku njiani, kwa mwezi ni saa 78, karibu siku kumi za kazi za saa nane. Kwa mama lishe hasara ni kubwa zaidi, kwani wateja wake ni wachukuzi na wauza mboga wanaotaka chai kabla ya jua kuchomoza. Kutoka Ilala aliamka saa kumi alfajiri akawahi moto wake. Kutoka Chanika aamke saa ngapi, na watoto awaachie nani? Wake wengi huiacha biashara mwaka ule ule wa kuhamia, nalo pato hilo halikuwa limeandikwa katika fomu yoyote, hivyo kutoweka kwake hakuna anayekuona ila wale wanaokula nyumbani humo. Ajabu ni kwamba kamati humwita mume peke yake kuhojiwa.

Hayo hayana maana ya kwamba kila mtu abaki mjini. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala au Magomeni, yenye vyumba sita na ukumbi katikati, mara nyingi ilijengwa na babu aliyekwisha fariki zamani, na warithi wake wametapakaa toka Kigoma mpaka Muscat. Ajitokezaye kuuza ni mmoja wao, mwenye funguo na maneno laini. Katika mali ya marehemu, mwenye madaraka ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mwenye funguo ni mwenye funguo tu. Kadhalika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume au mke kuiuza nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mwenzake. Mnunuzi asiyeitafuta saini ya mke wa muuzaji amenunua kesi.

Nyumba za ghorofa zina njia yake. Tangu sheria ya mwaka 2008, mtu aweza kuwa na hati ya sehemu yake tu ya jengo. Lakini ghorofani mtu hununua na ujirani pia: lifti, tangi la maji, paa na mlinzi ni vya shirika, na mchango wake hauishi mkopo unapoisha. Tena na aulize ni nani aliyejenga na ni nani aliyekagua. Mwezi wa Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo likaua watu zaidi ya 20.

Iko nyumba ya aina ya tatu, iliyo karibu na mjini na tena rahisi. Hiyo iogopwe kuliko zote, kwa kuwa aghalabu imo bondeni. Mwezi wa Desemba 2011 Mto Msimbazi ulifurika, watu wakafa, na Serikali ikawahamishia wengi wa waliookoka Mabwepande, mbali kabisa kaskazini mwa jiji. Waliokuwa wameununua ukaribu wakaishia pembezoni. Mwaka 2015 zikafuata bomoabomoa za nyumba katika bonde hilo hilo.

Je, umbali wenyewe ndio adui? Historia ya jiji yakataa. Katika miaka ya 1970, kwa mradi wa viwanja na huduma uliosaidiwa na Benki ya Dunia, Serikali ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na katika mradi huo huo ikajitahidi kuboresha Manzese, mahali ambapo watu walikuwa wamekwisha jenga wenyewe. Sinza ilikuwa ukingo wa mji wakati huo. Manzese ilikuwa jirani yake. Leo maeneo yote mawili yamo ndani kabisa ya jiji, ambalo sensa ya mwaka 2012 ililihesabia watu 4,364,541 na ile ya mwaka 2022 watu 5,383,728. Sinza ina barabara kati ya viwanja. Manzese ziko sehemu ambazo hata gari la zimamoto halipiti. Tofauti yao haikuletwa na umbali. Ililetwa na kilichotangulia, kipimo au tofali.

Kwa hiyo anayekwenda pembezoni na ayatazame mawe ya mpaka kabla ya kuitazama bei. Muhuri wa serikali ya mtaa juu ya karatasi ya mauziano ni ushahidi kwamba watu fulani walikutana siku fulani, si hati. Umilikaji wa ardhi wa milele ulioachwa na wakoloni uliondolewa mwaka 1963, na kwa Sheria za Ardhi za mwaka 1999 ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Kinachouzwa ni haki ya kuitumia, na haki hiyo huthibitishwa kwa upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati. Leseni ya makazi nayo ina manufaa, ila ni ya muda mfupi, wala si sawa na hatimiliki iwezayo kufika miaka 99. Na anayevuka mpaka wa jiji kuingia Kisarawe au Mkuranga ajue kwamba huenda ameingia katika ardhi ya kijiji: huko haki ya kimila haihamishiwi mtu asiye mkazi bila ya idhini ya Halmashauri ya Kijiji, hata kama muuzaji ni mzee anayeheshimiwa na shamba ni lake tangu utoto.

Barabara nayo ina tamaa yake. Madalali hupandisha bei ya kiwanja kilicho karibu na lami, na mnunuzi huona fahari. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilizokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kiluvya, zilibomolewa ili barabara ipanuliwe. Miongoni mwake zilikuwamo nyumba za watu waliojenga kwa jasho la miaka. Kwa upande mwingine, mabasi ya mwendokasi yalipoanza kwenda Kimara mwaka 2016, wakazi wengi wa njia ile walifupishiwa safari. Usafiri ulioanza na uhesabiwe. Usafiri ulioahidiwa usitiwe katika hesabu ya mkopo, hata kama nguzo zake zimekwisha simikwa.

Kamati za mikopo zaweza kufanya jambo moja lisilo na gharama kubwa. Katibu na mjumbe mmoja waende kwenye kiwanja siku ya kazi, si Jumapili, kwa daladala, wakitoka mahali mwombaji anapofanyia kazi, na wazirudi njia zile jioni. Waandike nauli na saa. Wamwulize jirani, si dalali, maji yanatoka wapi na masika njia inakuwaje. Mke na mume wahojiwe pamoja. Ikionekana kwamba nauli na maji vinaipita nusu ya kile kitakachobaki baada ya makato, mkopo uahirishwe, au mwanachama ashauriwe kutafuta kiwanja kidogo zaidi palipo karibu zaidi. Familia ya watu wanne yaweza kuishi vizuri katika kiwanja kidogo kilichopimwa. Wengi wanaotaka nusu eka wanataka kuonekana na nusu eka.

Viko vyama ambavyo wanachama wake wamechanga wakanunua shamba moja na kulipimisha kwa pamoja. Njia hiyo hupunguza gharama ya upimaji kwa kila mmoja, na yafaa ipendelewe. Ila chama kilichoandikishwa ni mtu mbele ya sheria, chenye uwezo wa kumiliki mali kwa jina lake. Shamba likiandikwa kwa majina ya mwenyekiti na mweka hazina, hata kwa muda, hata kwa nia njema, wanachama hawana shamba.

Limebaki swali la mwanachama aliyebakiza miaka minne kustaafu. Kwa huyo hesabu yote hugeuka. Nauli yake ya kazini ina mwisho, na bustani na kuku wa Chanika ni pato la uzeeni. Kamati isimzuie kwa mizani ya kijana. Imwulize maji, imwulize hati, na imwulize zahanati iko umbali gani kwa miguu, kwa mtu mwenye umri wa miaka sabini.