Aliyelala Kituoni Akaketi Kiti cha Mwamuzi

Jambo baba na mama mliokimbia vijiji vyenu, leo mnaishi kwa jamaa hapa Lubumbashi. Jambo kwenu machifu na wakubwa wa mitaa.

Leo tuzungumze juu ya kukata mashauri. Watu wakigombana juu ya kiwanja au maji ya bomba, nani aketi katikati yao? Tumezoea kusema: mwenyeji aseme, mgeni anyamaze. Sikilizeni kwanza habari ya mama mmoja wa India, halafu mpime wenyewe.

Jina lake ni Joyita Mondal, wa jimbo la West Bengal. Alizaliwa akahesabiwa mtoto mwanamume, lakini yeye alijijua kuwa mwanamke. Shuleni walimcheka, akaacha masomo. Nyumbani hakukukalika, akaondoka. Katika mji wa Islampur alinyimwa chumba hotelini, akalala kwenye kituo cha basi. Aliishi kwa kuombaomba.

Hakukaa na uchungu wake peke yake. Alianzisha chama cha kuwasaidia wenzake waliodharauliwa. Tarehe 15 Aprili 2014, Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba watu wa namna yake ni raia wenye haki kama wengine. Na tarehe 8 Julai 2017, katika mji uleule wa Islampur, Joyita aliketi kama mwamuzi wa Lok Adalat, wa kwanza wa namna yake nchini humo.

Lok Adalat maana yake ni baraza la watu. Kwa kawaida huketi hakimu, mwanasheria na mtu anayehudumia jamii. Joyita aliingia kwa kiti hicho cha tatu. Hapalipwi ada. Waamuzi hawalazimishi, wanapatanisha. Pande mbili zikikubaliana, neno limekwisha, hakuna rufani. Wanasikiliza madeni, viwanja, mambo ya ndoa. Makosa makubwa, kama kuua na kubaka, hayapatanishwi pale. Ni ya mahakama. Hata sisi tushike hilo.

Mwingine atasema: "Huyo si kama sisi." Sawa. Lakini aliyefukuzwa mlangoni anajua mlango ulivyo mzito. Anayeletwa mbele yake akitetemeka, yeye anamfahamu.

Nasi Katanga tunajua kulala kituoni. Mwaka 1992 na 1993, ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa maelfu. Wengi walilala stesheni ya Likasi wakingoja treni. Waliowafukuza walikuwa majirani zao. Chuki ile ilianza kwa kusema: hawa si wetu, hawana neno hapa.

Basi, wakubwa wa mitaa, nawaomba jambo moja. Shauri likija, na upande mmoja ni watu waliokimbia vita, wekeni pia mmoja wao kati ya waamuzi, na mwanamke asikosekane. Nanyi mliokimbia, mkiitwa, msiseme "sisi ni wageni tu". Nendeni, mketi, mseme kweli, hata ikiwa inamwumiza ndugu yenu.

Uamuzi uliokatwa bila ya mmoja hauleti amani. Unaahirisha ugomvi tu.