Timu Kumi Zinatosha: Ukubwa wa Konferensi katika Mpira wa Kikapu wa Vyuo Vikuu vya Marekani

Utangulizi

Mwaka 2024 konferensi za mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani, yaani ligi ambazo vyuo hujiunga nazo, zilibadilika sura. Pac-12 ilivunjika, vyuo kumi kati ya kumi na viwili vikahamia kwingine. Big Ten ikafikisha timu 18, ACC nayo 18, huku Big 12 na SEC zikifikisha timu 16 kila moja. Kilichosukuma mabadiliko hayo ni fedha za televisheni, hasa za futiboli ya Kimarekani, na mpira wa kikapu ukafuata nyuma bila kuulizwa. Mada hii inauliza swali lililorukwa: konferensi ya mpira wa kikapu iwe na timu ngapi ili bingwa wake awe bingwa asiyetiliwa shaka? Jibu ninalolitetea ni kumi, na sababu yake kuu ni haki katika ratiba.

Hesabu ya ratiba

Timu ya chuo hucheza takribani mechi 30 kabla ya mechi za mtoano za mwezi Machi. Katika konferensi kubwa, mechi 18 hadi 20 kati ya hizo ni za ndani ya konferensi, na nyingi huchezwa kuanzia Januari kwa kasi ya mechi mbili kwa wiki. Konferensi ikiwa na timu kumi, kila timu ina wapinzani tisa. Ikikutana na kila mmoja nyumbani na ugenini, inapata mechi 18, yaani wiki tisa kamili, na kwa kuwa kumi ni namba shufwa hakuna timu inayokaa bila mpinzani siku wenzake wanapocheza. Kwa timu 18 hesabu hiyo inagoma: wapinzani 17 nyumbani na ugenini ni mechi 34, ambazo zinazidi msimu mzima. Ndiyo maana Big Ten, yenye mechi 20 za konferensi, huipangia kila timu wapinzani watatu wa kukutana nao mara mbili na 14 wa kukutana nao mara moja tu. Kumi pia inarahisisha safari. Pac-10, yaani Pac-12 kabla ya kupanuka, iliyodumu na timu kumi kuanzia 1978 hadi 2011, ilikuwa na jozi tano za vyuo jirani, kwa mfano UCLA na USC, au Stanford na California. Timu mgeni iliweza kucheza na chuo kimoja Alhamisi na jirani yake Jumamosi, kisha ikarudi darasani baada ya safari moja. Leo UCLA, iliyoko Los Angeles, ipo konferensi moja na Rutgers ya New Jersey, upande wa pili wa bara, penye tofauti ya saa tatu. Wanaobeba uchovu huo ni vijana wenye mitihani.

Ushahidi wa Big East

Madhara ya ratiba isiyo sawa yanaonekana wazi katika msimu wa 2008–09 wa Big East, iliyokuwa na timu 16. Huo ndio msimu ambao Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam aliichezea Connecticut kwa mara ya mwisho kabla ya kuchaguliwa wa pili katika NBA. Louisville ilitwaa ubingwa wa msimu wa kawaida kwa kushinda mechi 16 na kupoteza mbili. Connecticut na Pittsburgh zilishinda 15 na kupoteza tatu. Connecticut ilikwenda Louisville na kuwafunga wenyeji wao. Lakini ratiba iliikutanisha na Pittsburgh mara mbili, ikapoteza zote mbili. Louisville ilikutana na Pittsburgh mara moja tu, tena nyumbani kwake, ikashinda. Sisemi kwamba Louisville haikustahili. Ninachosema ni kwamba tofauti ilikuwa mechi moja, na mpangaji wa ratiba alikuwa na mkono katika mechi hiyo. Msimamo wa ligi unapoacha shaka ya namna hiyo, miezi miwili ya jasho inapungua thamani.

Konferensi hiyohiyo inatupa pia ushahidi wa upande wa pili. Dave Gavitt na wenzake waliianzisha mwaka 1979 ikiwa na vyuo saba. Mwaka 1985, ikiwa na tisa, ilitoa timu tatu kati ya nne za nusu fainali ya taifa. Ilipopanuka hadi 16, maslahi ya vyuo vya futiboli na yale ya vyuo vya kikapu yaligongana, ikagawanyika mwaka 2013. Vyuo saba vya Kikatoliki vilijiunga na Butler, Creighton na Xavier, vikarudi kwenye timu kumi na mechi 18 za nyumbani na ugenini. Villanova, kimojawapo cha vyuo hivyo saba, ikatwaa ubingwa wa taifa 2016 na 2018.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba konferensi kubwa hupata nafasi nyingi zaidi katika mashindano ya taifa ya NCAA. Ni kweli kwamba mwaka 2025 SEC iliingiza timu 14 kati ya 16, rekodi isiyo na mfano. Lakini mwaka huohuo ACC, yenye timu 18, iliingiza nne tu. Kwa upande mwingine, Big 12 ya timu kumi iliingiza saba mwaka 2023. Kinacholeta nafasi ni ubora wa timu, wala si wingi wake. Pingamizi la pili ni la usalama: konferensi ndogo ikipoteza wanachama wawili, itasimama? Swali ni la haki. Hata hivyo, Pac-12 ilivunjika ikiwa na timu 12, na Big East ya zamani ikiwa na zaidi ya kumi. Kinachofunga wanachama pamoja ni maslahi yanayofanana. Pingamizi la tatu, la fedha, ndilo zito kuliko yote, kwa sababu chuo hakiwezi kukataa mapato yanayolipia michezo mingine. Lakini mkataba wa futiboli haulazimishi ratiba ya kikapu iwe hivyo ilivyo.

Mapendekezo

Napendekeza mambo matatu. Konferensi inayojipangia yenyewe ichague timu kumi. Ikilazimika kuongeza moja, iongeze mechi ziwe 20, kama Big East ilivyofanya Connecticut iliporejea mwaka 2020, ili kila timu iendelee kukutana na kila mpinzani nyumbani na ugenini. Konferensi ambayo tayari ina timu 18 kwa sababu ya futiboli ijigawe kwa jiografia katika makundi mawili ya tisa: kila timu icheze mechi 16 ndani ya kundi lake na chache za nje, na kila kundi litoe bingwa wake kutokana na mechi za kundi pekee. Fedha za televisheni zitabaki palepale, safari zitapungua, na kila bingwa atakuwa amepita njia ileile waliyopita wapinzani wake.