Kusoma Khabari za Misitu na Wanyama kwa Ajili ya Mtihani wa Kiingereza
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kinole)



Watoto wetu husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari huulizwa kwa Kiingereza. Hapo wengi hukwama, si kwa kukosa akili, bali kwa kukosa maneno.

Shauri langu ni kuwapa khabari za misitu na wanyama. Mtoto wa Kinole aujua msitu wa Uluguru, uliofanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008. Ajua kuwa maji yake hushuka hata Mto Ruvu, yakanywewa Dar es Salaam. Asomapo juu ya chozi wa Loveridge, ndege asiyepatikana ila milima hii, jambo analijua tayari. Lililobaki ni neno.

Na asome mara tatu: kwanza pasipo kamusi; pili aandike vitendo na maneno yaungayo sentensi, kama “kwa sababu” na “ingawa”; tatu aifunge karatasi, asimulie mwenyewe. Majina ya ndege peke yake hayatamvusha, maana mtihani humtaka afahamu, afupishe na aeleze.

Basi sisi tulio na kazi za kalamu yatupasa kuketi nao jioni. Haba na haba hujaza kibaba.